Ubao Mtupu Kando ya Mkuyu

Mkolani, Mwanza
14 Januari 2024

Mdogo wangu Sabina,

Salamu kutoka hapa. Sisi ni wazima. Noela magoti yanamsumbua akipanda kwenda kanisani, lakini anapanda, na akishuka analalamika kwa niaba ya kilima kizima. Mimi masikio yanazidi kuniaga. Simu naiona ikitikisika mezani, ila anayesema ndani yake simsikii, ndiyo maana naendelea kuwasumbua kwa kalamu. Najua pia kwamba Mama anapenda kusomewa. Msomee hii, umwambie namwamkia sana, na ile michembe ya viazi vikavu aliyotuma ilifika bila mdudu hata mmoja.

Tangu nistaafu kufundisha ufundi kule Butimba, Noela amekuwa akinitafutia kazi za kunitoa ndani. Nimepata ya kunibakisha ndani. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya aliniachia sanduku lenye treni ndogo ya umeme: kichwa, mabehewa manne ya abiria, na vipande vya reli vya kuunganisha. Kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba. Yaani Baba, aliyekuwa akiinama kupita mlangoni, humo angekuwa na urefu wa sentimita mbili.

Naijengea meza ya kudumu kwenye chumba cha kulia chakula. Juu yake nataka itokee reli yetu, kutoka bandari ya Mwanza Kusini mpaka kituo cha Mwasubi, pamoja na nyumbani kama palivyokuwa nilipokuwa kijana. Kwa hiyo naomba vitu. Udongo wa njano wa njia ya kituoni na ule mweusi wa mbugani, vyote vichekechwe kwa chekeche la unga. Pumba za mpunga kidogo. Na majibu: kutoka mlango wa mbele hadi kwenye reli ni hatua ngapi? Kalvati la kupitishia maji chini ya reli liko kabla ya kituo au baada yake? Ua wa minyaa uliligusa zizi, au palikuwa na njia katikati?

Mhoja wa hapo kijijini akileta mchele huku sokoni kwa gari lake, mpe mzigo huo. Nami nitampa dagaa.

Kaka yako,
Maige


Mwasubi
9 Februari 2024

Kaka Maige,

Shikamoo. Na shemeji Noela mwambie pole ya magoti, apake mafuta ya ng'ombe, mbona tiba ipo. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mpunga tumepandikiza wote, na yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Mama ni mzima. Macho yamezima kabisa sasa, mchana na usiku kwake ni mamoja, lakini mdomo una afya.

Barua yako nilimsomea barazani, na majirani walikuwepo kama kawaida yao. Siku ya barua yako hakuna anayekwenda kisimani. Nilipofika pale pa treni Mama alicheka hadi akakohoa. "Mwalimu mzima anajenga treni ya kulia wali!" Halafu akasema nikupe kila unachotaka. Hatua nimezipima mwenyewe: kutoka mlangoni hadi relini ni hamsini na kitu, lakini mimi mfupi, wewe punguza. Kalvati liko kabla ya kituo ukitokea Mwanza. Ua uligusa zizi, Baba alichoka kufukuza mbuzi pale katikati. Udongo na pumba Mhoja anavyo.

Sasa lililonifanya nianze ukurasa wa pili.

Reli mpya inapita kwetu. Wapimaji walikuja, wakakaa, wakaeleza kwa heshima, wakasimika nguzo zenye rangi nyekundu. Nyumba haiguswi. Zizi haliguswi. Makaburi yote matano yaliyo kando ya mkuyu yamo ndani ya nguzo, na yatahamishiwa kule juu karibu na shamba la mihogo. Wamekubali tufanye kwa desturi yetu, mwishoni mwa Agosti, mavuno yakiisha.

Desturi unaijua lakini Mama kasema niiandike. Kwetu kaburi halifunguliwi mpaka mtoto wa kwanza asimame upande wa kichwa, aite jina, apige jembe la kwanza. Ndiko kumwamsha. Na siku hiyo hakuna wa kumwelekeza, mtoto anajua mzazi wake amelala wapi. Saruji Baba aliikataa mwenyewe, msalaba wa mti mchwa waliumaliza zamani, yamebaki malundo ya mawe yanayofanana. Kwa hiyo ni wewe utakayeonyesha la Baba.

Andika kwamba utakuja. Mama anataka kusikia neno hilo kwa maandishi yako.

Mdogo wako,
Sabina


Mkolani
3 Machi 2024

Mdogo wangu Sabina,

Marahaba. Nashukuru kusikia mpunga umekubali na ndama ni jike. Hapa hatujambo. Mvua imeleta mawe mawili chini ya kilima mpaka karibu na choo cha jirani, na jirani ameyaacha hapo, amepata pa kuanikia nguo.

Mzigo umefika. Udongo uliuchekecha vizuri kuliko nilivyotarajia.

Meza imesimama. Fremu ni mbao za mbili kwa mbili, msonobari mkavu, maana mbao mbichi ikikauka hujipinda na reli hujipinda nayo. Nimeziunganisha kwa skrubu na gundi, si misumari. Msumari hulegea na meza huanza kuimba. Chini ya kila mguu kuna bolti ya kuinua na kushusha, kwa sababu sakafu ya fundi wetu ina mteremko ambao maji ya kudekia yanaujua kuliko yeye. Sasa pima maji linasema meza imelala sawasawa. Juu ya fremu nimeweka plaiwudi, na reli imepita juu ya tuta la sponji ngumu ili kelele ipungue. Kelele mimi siisikii, ni kwa ajili ya Noela.

Milima naisuka kwa vipande vya maboksi, kama mkeka. Juu yake magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa ngano, kisha jasi. Mawe sikuyatengeneza, Mwanza tutakosa vingine, si mawe. Ziwa ni kioo cha dirisha kilichopakwa rangi kwa chini, na mchanga wa ufukweni nimeufuata mwenyewe Nyegezi. Pumba zako nimezitia rangi, zimekuwa mashamba ya mpunga yaliyoiva. Noela anakula sebuleni, sahani magotini, anasema anajisikia kama yuko msibani kwa watu asiowajua.

Nataka kujua mkuyu uko umbali gani na zizi, na matawi yake yaliinamia upande upi.

La ukurasa wa pili nimelisoma. Agosti bado iko mbali.

Kaka yako,
Maige


Mwasubi
24 Machi 2024

Kaka Maige,

Shikamoo. Tu wazima, choroko zimetoa maua. Mama anasema dagaa wako walikuwa na mchanga, labda ulichanganya na ule wa treni.

Nilipomaliza kumsomea barua yako alisema, "Geuza." Nikageuza. Akauliza, "Kumeandikwa nini?" Nikasema, nyuma hakuna kitu, Mama. Akataka kuishika. Akaipapasa mbele na nyuma, akanirudishia.

Majirani waliondoka bila kuaga vizuri.

Kaka, najua Agosti iko mbali. Hata mavuno yako mbali, lakini tumeshapalilia. Jana Mama aliwaita watoto wa baba mdogo Ndalahwa, akawaambia mbele yangu: "Kama Maige hayupo, jembe halishuki. Baba yenu mkubwa abaki pale pale, treni impite juu." Wakanitazama mimi, kana kwamba maneno hayo niliyatunga. Mmoja alisema basi mwingine aonyeshe, mbona sote tunapajua. Mama alimwambia akatafute baba yake mwingine wa kumfukua.

Hajatania. Tangu juzi uji anaurudisha nusu. Wewe unajua mimi si mtu wa kuogopa, lakini naogopa. Siku ikifika na wewe hupo, wale watu wa reli watafanya kazi yao, na Mama ataondoka duniani na jambo hilo moyoni.

Mkuyu na zizi ni kama kutoka kwako hadi kwa jirani mwenye mawe. Matawi yameinamia upande wa reli.

Jibu neno moja tu. Nitalisoma kwa sauti kubwa.

Sabina


Mwasubi
19 Mei 2024

Kaka Maige,

Shikamoo. Aprili yote imepita bila barua yako. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nangoja huo mshindo. Sisi ni wazima. Choroko tumevuna. Ndama tumempa jina la Noela, asichukie, ni mzuri sana wa macho.

Mhoja amerudi kutoka kwenu, na wiki nzima hasimulii kingine. Anasema ulimpa chai ukamwacha azunguke meza. Anasema taa ya kichwa cha treni inawaka kweli, na kioo cha ziwa kilimfanya atafute pa kunawia mikono. Amesifia kila kitu. Kisha akaniuliza kwa adabu: "Dada Sabina, kwani zamani nyumba yenu ilikuwa ng'ambo?"

Kaka! Nyumba umeiweka upande jua linakozama. Sisi tuko upande linakochomoza, tangu babu achimbe msingi. Nimekaa nikafikiri umekoseaje, wewe ambaye mteremko wa sakafu unaujua kwa bolti. Nimeona. Ulikuwa ukipanda treni ya kwenda shule Tabora, nyumba ikibaki mkono wako wa kushoto. Mezani treni inakwenda Mwanza, na bado umeiweka kushoto. Nyumba hii unaijua kwa kuiacha tu.

Nilimsimulia Mama maneno ya Mhoja. Majirani walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwambieni aigeuze."

Na jambo lingine, hili sikumwambia Mama. Mhoja anasema kando ya mkuyu umeacha ubao mtupu. Kila mahali kuna udongo, nyasi, mawe, hata kuku umewaweka, lakini hapo pana mraba wa mbao ambao haujapakwa chochote. Alikuuliza, ukamwongezea chai.

Hapo pananisumbua, Kaka.

Sabina


Mkolani
2 Juni 2024

Mdogo wangu Sabina,

Marahaba. Tumefurahi kusikia mnaendelea vizuri. Noela amepokea heshima ya ndama, ingawa ameuliza kwa nini si ng'ombe mkubwa. Sikuandika kwa sababu ya kazi.

Kuhusu nyumba, uko sahihi. Nilisimama mezani mchana mzima nikijaribu kukubishia, nikashindwa. Nimebomoa upande mzima. Jasi ikishakauka haibanduki kwa ustaarabu, inatoka na maboksi na magazeti yake yote, na vumbi limeingia hadi kwenye vyombo vya harusi vya Noela. Fremu haikuhitaji kuguswa. Nimesuka upya mwinuko wa upande wa mashariki, nimeuacha ukauke siku kadhaa, kisha nikarudisha nyumba, zizi, ua na mkuyu. Sasa jua la asubuhi, ambalo ni taa ya mezani, linaingia mlangoni kama inavyotakiwa. Mwambie Mama nimeigeuza.

Kuhusu ubao mtupu, gundi iliniishia.

Noela amesoma juu ya bega langu, anasema kuna makopo mawili chini ya meza. Hiyo ni gundi nyingine.

Kwa ajili ya mandhari tu: yale malundo matano yamekaaje? Yamepangana mstari au yametawanyika? Nimejaribu kuyakumbuka nikayapanga kwa kokoto namna nyingi, hakuna iliyonitulia. Kama swali hili linamchosha Mama, ukifika hapa liruke.

Kaka yako,
Maige


Mwasubi
16 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua hii Mama hajaisikia na hataisikia. Naiandikia stoo, juu ya gunia la mpunga. Yako ya mwisho nilimsomea mpaka kwenye jua la asubuhi, nikakunja. Alisema, "Ameigeuza?" Nikasema ameigeuza. Akamaliza uji wote.

Mwaka ule wa mvua kubwa, Baba alipofariki, barabara zilikuwa zimekatika nawe ulikuwa unafundisha Mtwara. Ulifika tumeshazika na matanga yameondolewa. Ulifika jioni. Asubuhi ulipanda treni ya mapema, na barua yako ya kwanza kutoka huko ilimwambia Mama kwamba kabla ya kwenda kituoni ulipita kaburini kuaga. Barua hiyo niliisoma mimi, kwa sauti, na Mama akashukuru Mungu.

Sikuulizi kitu. Kila mtu ana namna yake ya kuzidiwa. Umeniuliza mandhari, nakujibu mandhari.

Simama mgongo wako ukigusa mkuyu, uso kwenye reli ya zamani. Malundo manne yako mstari mmoja mbele yako. La tano liko peke yake, karibu na reli, ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalovuta macho. Mgeni yeyote angeonyesha hilo. Si lenyewe. Hilo ni la baba mdogo Ndalahwa, na unakumbuka alivyokuwa akikasirika akiamshwa bila sababu.

La Baba ni la pili kwenye mstari, ukihesabu kutoka mkuyu. La kwanza ni la babu, la tatu na la nne ni ya wale watoto wa Mama waliokufa wadogo. Upande wa kichwa wa Baba kuna jiwe lenye mstari mweupe uliopita katikati. Alilichagua mwenyewe akiwa hai. Alilibeba kutoka mlimani akaliweka mlangoni, tukawa tunalikalia, akasema siku yake ikifika hilo lifuatane naye.

Kwenye mkebe aliokuletea Mhoja kuna mawe matano madogo niliyoyaokota chini ya kila lundo. Nimeyafunga kwenye vitambaa kwa mpangilio huo huo. Hilo lenye mstari mweupe usilipake rangi.

Desturi inasema siku hiyo hakuna wa kukuelekeza. Leo siyo siku hiyo.

Choma barua hii.

Sabina


Mkolani
21 Julai 2024

Mdogo wangu Sabina,

Marahaba. Tu wazima.

Mawe yamefika. Ubao umefunikwa. Nimetumia udongo wako mweusi kwa chini, nyasi ni nyuzi za katani nilizozikata na kuzitia rangi ya majani makavu. Nimeyaweka kwa gundi ile nyingine. Kila asubuhi kabla ya chai nasimamisha kidole changu kwenye mkuyu, nakielekeza kwenye reli, nahesabu. Noela anadhani nasali. Sijamkatalia.

Msomee Mama hapa kwa sauti: nitakuja. Nitapanda gari la Mhoja, kwa kuwa treni siku hizi haisimami Mwasubi. Jembe nitakuja nalo.

Kaka yako,
Maige


Mwasubi
8 Septemba 2024

Kaka Maige,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu mlifika salama. Shemeji alisahau kanga yake ya njano, Mama anailalia na hasemi kama atairudisha. Makaburi mapya yametulia, mvua ya kwanza ikija tutapanda nyasi. Vijana wa reli walikuja tena kuaga, wamepewa mihogo.

Wewe ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia uliyoyaona. Ila kuna ambayo hukuyasikia.

Uliposogea hadi kwenye mkuyu ukaugusa kwa mgongo, watoto wa Ndalahwa walianza kunong'ona, kwa nini anauegemea mti, amechoka? Mmoja akasema utaenda kwa baba yao, maana lundo lao ni kubwa. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua ulikuwa umeshasimama penyewe, mkono umeweka juu ya jiwe lenye mstari. Ulimwita Baba kwa sauti kubwa mno, Kaka, kama wanavyosema wasiosikia. Ng'ombe waligeuka. Nikamwambia Mama, "Yuko upande wa kichwa." Akajibu, "Nimesikia sauti inakotoka." Jembe liliposhuka alisema neno moja: "Amefika."

Nilidhani anasema juu ya Baba kufikiwa. Juzi tulikuwa tunachambua choroko, mimi naye tu, nikamuuliza alikuwa na maana gani. Nakuandikia alivyonijibu, bila kupunguza.

Alisema: "Mwaka ule, asubuhi aliyoondoka Maige, mimi nilikuwa nimekaa kaburini tangu jogoo wa kwanza. Macho yalikuwa mazima. Nilijua atapita kumuaga baba yake, nikasema nimngoje tuage pamoja. Nikaona treni inasimama kituoni. Nikamwona anapanda. Ikanipita pale nilipokaa, na yeye dirishani anatazama upande mwingine."

Nikamwambia, Mama, lakini barua yake ilisema alipita. Akasema, "Ulinisomea, nikasema asante. Ningesema nini mbele ya watu?"

Nikauliza, kumbe ndiyo maana ukang'ang'ana ni yeye wa kuonyesha, ilhali unajua hapajui? Yaani ulimtega mwanao?

Akaendelea na choroko zake. Halafu: "Sikumtega. Nilitaka apatafute."

Basi. Mimi nililia, yeye hakulia, akaniambia nisimwagie choroko maji.

Mdogo wako,
Sabina


Mkolani
29 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii ni yako. Sabina akusomee yote, asiruke, hata kama majirani wapo.

Sisi ni wazima. Noela anasema kanga ni yako, hakuisahau. Magoti yake bado yanamruhusu kupanda kanisani. Chakula tunakula jikoni sasa, amezoea, anasema pana joto.

Meza imekamilika, isipokuwa mambo madogo ambayo hayaishi. Reli mpya sijaiweka. Mezani bado ni mwaka ule: reli ya zamani, mkuyu, nyumba upande linakochomoza jua, malundo matano. Mtu mmoja nimemuunda kwa waya na jasi, hana hata sentimita mbili. Nimemvika kipande cha kitenge cha Noela. Nimemkalisha chini, karibu na jiwe lenye mstari mweupe, uso kwenye reli.

Ilinibidi nibadilishe nyaya. Mwanzo treni ilikuwa ikizunguka bila kusimama, kwa kuwa sikuwa nimeona sababu. Sasa nimeikatia umeme mahali pawili. Nimeigeuza na mwendo, sasa inakwenda upande wa Tabora: inatoka ziwani, inapita kalvati, inasimama kituoni Mwasubi. Nikiiachia inasogea polepole, inafika mbele ya yule mama aliyekaa, na hapo inasimama tena. Hakuna kituo hapo. Nimeiweka isimame tu.

Nikiwa peke yangu naiacha hapo mpaka Noela aniite.

Mwanao,
Maige